Askari na Bunduki ya Nyumbani

Askari asafiripo kwenda vitani, jamaa zake humwombea arudi salama. Na arudipo humshukuru Mwenyezi Mungu, wakadhani hatari imebaki huko alikotoka. Huko Marekani dhana hiyo imewavunja moyo wengi. Wako askari waliotoka vitani wazima, kisha wakafa kwa risasi katika nchi yao wenyewe, baadhi yao ndani ya kambi, na wengi zaidi ndani ya nyumba zao.

Tarehe 5 Novemba 2009, katika kambi ya Fort Hood, jimbo la Texas (kambi hiyo iliitwa Fort Cavazos mwaka 2023, na mwaka 2025 ikarudishiwa jina la Hood), meja mmoja, daktari wa maradhi ya akili, aliwafyatulia risasi wenziwe katika jumba ambamo askari hukaguliwa afya na hati zao kabla ya safari. Watu 13 walikufa, na zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Mtu huyo alikuwa Mwislamu, na alidai kwamba aliitetea dini. Yatupasa tulitaje hilo sisi wenyewe, tusingoje kuambiwa na wengine. Aliwaua watu wasio na silaha, aliokuwa ameapa kiapo kimoja nao, na waliomwamini awatibu. Katika sheria yetu hayo ni mauaji na khiana pamoja, wala hayana jina jingine. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kufa mwaka 2013.

Lakini akosea adhaniaye kwamba jambo hili ni la dini moja. Septemba 2013, mfanyakazi wa kampuni iliyopewa kazi na jeshi la majini aliua watu 12 katika makao ya jeshi hilo mjini Washington. Aprili 2014, katika Fort Hood ile ile, askari dereva wa malori aliua wenziwe 3, kisha akajiua. Julai 2015, mjini Chattanooga, wanajeshi 5 waliuawa na kijana mmoja Mwislamu. Desemba 2019, katika kituo cha ndege cha Pensacola, mwanafunzi wa urubani kutoka jeshi la Saudia aliua mabaharia 3.

Msomaji atauliza: askari auawaje kambini mwake kama kuku bandani, ilhali kazi yake ni silaha? Jawabu ni kwamba kwa amri iliyotolewa mwaka 1992, silaha za jeshi hukaa ghalani, wasizichukue ila askari polisi wa kambi na wenye zamu ya ulinzi. Baada ya msiba wa Chattanooga kelele zilikuwa kubwa. Magavana kadha wa majimbo waliwaamuru Walinzi wa Taifa wachukue silaha, na Novemba 2016 wizara ya ulinzi ikawapa makamanda uwezo wa kumruhusu askari achukue bunduki yake mwenyewe kambini.

Sisemi kwamba shauri hilo halina maana hata kidogo. Mtu aliyevamiwa atamani awe na cha kujitetea. Lakini natutazame bunduki zilizoua zilitoka wapi. Bastola zote mbili za Fort Hood, ya mwaka 2009 na ya mwaka 2014, zilinunuliwa katika duka moja mjini Killeen, nje ya lango la kambi. Yule rubani wa Saudia naye alinunua yake dukani kwa njia ya halali. Sheria ya Marekani yamkataza mgeni wa muda kununua bunduki, isipokuwa akiwa na kibali cha kuwinda. Basi alijipatia kibali cha kuwinda. Lango la mbele lina mlinzi, na mlango wa uani uko wazi!

Agosti 2025 katika kambi ya Fort Stewart, Georgia, sajini mmoja aliwapiga risasi wenziwe watano kwa bastola yake mwenyewe. Wote walipona. Waliomrukia na kumwangusha chini walikuwa askari wasio na silaha, na wenzao wakawa wanaziba majeraha kwa mikono yao.

Hata hivyo, hayo ndiyo yanayoandikwa magazetini, na siyo yaliyo makubwa. Jumlisheni waliouawa katika misiba mitano niliyoitaja kwanza, kutoka 2009 hata 2019: ni watu 36. Katika mwaka 2023 peke yake, wanajeshi wa Marekani 523, wa jeshi la kudumu pamoja na wa akiba, walijiua. Na chombo kilichotumika zaidi kuliko vyote ni bunduki, aghalabu bunduki ya mtu mwenyewe, iliyokuwa kabatini au chini ya mto. Dhidi ya adui huyo mlinzi wa langoni afanye nini?

Wako wasemao kwamba aliyeazimia kufa hazuiliki. Maneno hayo si kweli, na ushahidi wake umetoka katika jeshi ambalo msomaji hakutazamia nilitolee mfano, jeshi la Israel. Vijana wao walikuwa wakirudi makwao mwisho wa juma na bunduki begani. Mwaka 2006 wakaamriwa waziache kambini. Idadi ya waliojiua ilipungua kwa kadiri ya asilimia 40, na upungufu huo ulionekana katika zile siku za mapumziko; siku za kazi hazikubadilika sana. Vijana ni wale wale, na huzuni zao ni zile zile. Saa ya giza iliwajia wakiwa mbali na bunduki, nayo ikapita.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza watu wasipeane upanga uliochomolewa, na akaamuru apitaye sokoni na mishale azishike ncha zake. Hayo yalisemwa kwa wapiganaji, watu waliozijua silaha kuliko sisi walimu wa vyuoni.

Huko Marekani sheria yenyewe ilisimama njiani. Mwaka 2011 bunge lilikataza jeshi lisikusanye habari za bunduki za binafsi za askari, hata makamanda wakaogopa kumwuliza mtu waliyemwona anaangamia. Baada ya miaka miwili sheria ililegezwa: kamanda au tabibu aweza kuuliza, ikiwa ana sababu ya haki ya kuhofu kwamba askari atajidhuru au atamdhuru mwingine. Februari 2023, kamati iliyoundwa na wizara ilipendekeza kwamba bunduki ziuzwazo katika maduka ya kambini asiuziwe aliye chini ya miaka 25, na kwamba mnunuzi angoje siku 7 ndipo aichukue.

Basi mke wa askari aonaye mumewe halali usiku, hazungumzi, na agawa vitu vyake, asikae kimya kwa kuona haya. Aende kwa kamanda au kwa tabibu, aseme kwamba nyumbani mna bunduki. Kambini mna ghala, nayo yaweza kukaa huko hata mwenyewe apone.