Mafia yajengewa mlango wa angani, wa baharini wategemea jirani

ABIRIA anayetoka Dar es Salaam kwenda Kisiwa cha Mafia ana njia mbili. Mwenye uwezo hupanda ndege ndogo na baada ya muda usiozidi saa moja hutua Kilindoni, makao makuu ya wilaya, kwenye uwanja wenye lami. Asiye na uwezo hupanda basi la barabara ya Kilwa, akaiacha barabara kuu pale Bungu na kuelekea Nyamisati, kisha akavuka bahari.

Njia hizi hazitofautiani kwa nauli tu. Ya kwanza ilijengwa na mhisani mmoja, kwa mkataba mmoja uliokuwa na tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Ya pili imejengwa kwa vipande, na kila kipande kina mwenyewe. Gati la Kilindoni liko Mafia. Bandari ya Nyamisati iko Wilaya ya Kibiti, na barabara inayoifikia iko huko huko. Bandari zenyewe zinasimamiwa na Mamlaka ya Bandari, ilhali kivuko kiko chini ya Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA).

Kwa hiyo inapozungumzwa habari ya ubia wa kujenga miundombinu na kukuza uchumi wa maeneo, Mafia ni mahali pazuri pa kuupima ubia huo. Hapa mwananchi anaweza kuuona kwa macho ubia wa aina mbili, na kuona ni upi unaomfikia yeye.

Tuanze na ule wa angani. Februari 17, 2008, Rais Jakaya Kikwete na Rais George W. Bush wa Marekani walitia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa msaada wa dola milioni 698 kupitia Shirika la Changamoto za Milenia (MCC). Fedha hizo zilikwenda kwenye barabara kubwa za Bara, barabara za vijijini za Pemba, maji na umeme. Ndani ya orodha hiyo ndefu kulikuwa na kipengele kidogo cha Uwanja wa Ndege wa Mafia. Mkataba ulipomalizika mwaka 2013, njia ya kurukia ndege iliyokuwa ya changarawe ilikuwa imewekwa lami.

Hakuna sababu ya kubeza kazi hiyo. Uwanja wa changarawe wakati wa masika ni uwanja wa kubahatisha, na mgonjwa wa dharura anayehitaji kufikishwa Muhimbili hanufaiki na ndege isiyoweza kutua. Watalii nao wameongezeka, wakifuata matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995 na yenye eneo la kilometa za mraba 822. Wengine hufuata papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye huonekana karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi.

Hata hivyo, ikumbukwe kuwa wakazi wengi wa Mafia hawapandi ndege. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu zaidi ya 46,000 wilayani humo, na ile ya mwaka 2022 ikawahesabu zaidi ya 66,000. Watu hao wanahitaji saruji, mabati, unga, mchele na dawa. Wana nazi, samaki na pweza wa kuuza. Yote hayo hupita baharini.

Kwa miaka mingi safari ya Nyamisati ilikwenda kwa ratiba ya mwezi, wala si ya saa. Nyamisati imejificha ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji, na chombo hutegemea maji yajae ndipo kipite. Abiria alifika mchana akaambiwa maji yametoka, asubiri usiku. Wakati wa kusi, mashua ya mbao iliyosheheni watu na magunia ilikata mkondo ambao hata nahodha mzoefu huuheshimu. Kabla gati la Kilindoni halijajengwa katika miaka ya mwanzo ya 2010, msafiri alihitimisha safari kwa kukunja suruali au kupandisha kanga na kutembea majini hadi ufukweni, mtoto begani na mzigo kichwani.

Gati lilipokamilika, wengi waliamini kuwa tatizo limekwisha. Halikuwa limekwisha. Gati ni daraja lenye ncha mbili, na ncha ya pili ilikuwa Nyamisati, ambako hapakuwa na kitu cha maana. Halmashauri ya Mafia haikuwa na mamlaka ya kujenga katika wilaya nyingine, na wilaya nyingine haikuwa na haraka ya kujenga bandari ambayo wanufaika wake wakubwa ni wapiga kura wa jimbo jingine. Huo ndio ukweli, ingawa si kawaida kusemwa hadharani.

Ilibidi Serikali Kuu iingilie kati. Bandari ya Nyamisati ilijengwa na Mamlaka ya Bandari, na mwanzoni mwa muongo huu kivuko cha MV Kilindoni, kilichoundwa na kampuni ya kizalendo ya Songoro Marine ya Mwanza, kikaanza kuvusha abiria, mizigo na magari. Kati ya kuweka lami uwanjani na kupata kivuko kulipita miaka kadhaa. Anayeitazama Mafia kutoka mbali anaweza kuiona miaka hiyo kuwa michache. Mama mjamzito aliyevuka kwa mashua anajua urefu wake.

Utegemezi huu wa jirani una upande mwingine ambao haukutazamwa vya kutosha. Mwaka 2016 na 2017, maeneo ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga yalipokumbwa na mauaji ya viongozi wa vijiji na askari polisi, serikali ilipiga marufuku pikipiki kutembea usiku katika wilaya hizo. Msafiri wa Mafia, ambaye kisiwani kwake hakukuwa na mauaji hayo, alijikuta ndani ya marufuku hiyo kila chombo chake kilipofika Nyamisati baada ya jua kuzama. Usalama wa Kibiti ni sehemu ya miundombinu ya Mafia, hata kama haumo katika bajeti yake.

Na si Kibiti peke yake. Mkazi wa Mafia anayekwenda kushughulikia jambo katika makao makuu ya mkoa wake, Kibaha, hupita Kibiti na Mkuranga, kisha analazimika kuingia Mkoa wa Dar es Salaam na kutokea upande wa pili. Mafia ni sehemu ya Mkoa wa Pwani ambayo haiwezi kuufikia mkoa wake bila kuomba njia.

Suala la umeme nalo linafundisha mengi. Unguja imepata umeme wa Bara kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari tangu mwaka 1980, na mkataba ule ule wa MCC uliiongezea waya wa megawati 100 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010 kwa waya wa kilometa zaidi ya 70, sehemu kubwa ya gharama ikibebwa na Norway. Mafia, iliyo umbali wa kilometa zipatazo 20 tu kutoka delta ya Rufiji, kwa miaka mingi imetegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, na dizeli yenyewe huletwa kwa chombo.

Lakini gesi ya Songo Songo, kisiwa cha jirani katika Wilaya ya Kilwa, ilianza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Na mto Rufiji, ambao maji yake hulisha kamba na samaki wa mlango wa bahari wa Mafia, sasa una bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, lililojengwa na makandarasi wa Misri. Gesi imepita kaskazini, umeme wa maji umepita kaskazini, na kisiwa kiko hapo hapo mdomoni mwa mto.

Kwa nini Pemba ilipata na Mafia haikupata? Jibu la wahandisi litataja idadi ya wateja, nalo ni jibu la haki. Lakini lipo jibu la kisiasa. Zanzibar ina serikali, wizara na shirika lake la umeme, na mhisani anapokuja hukuta mezani mtu wa kuzungumza naye. Mafia ni wilaya moja kati ya wilaya za Pwani. Tabia ya kuamuliwa na wengine si ngeni kwake: katika mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1890, kisiwa hicho kiliwekwa upande wa Wajerumani, na Sultani wa Zanzibar akalipwa mark milioni 4 kwa ajili yake pamoja na mwambao.

Umeme ghali maana yake ni barafu ghali, na bila barafu mvuvi hana nguvu ya kukataa bei. Pweza wa asubuhi lazima awe ameuzwa kabla ya jioni, kwa yeyote mwenye jokofu. Samaki wengine husafirishwa hadi soko la Feri, Dar es Salaam, lililojengwa kwa msaada wa Japani mwaka 2002, na huko ndiko thamani yao hupanda.

Hapo ndipo ubia wa aina ya pili unapostahili kutazamwa kwa makini. Katikati ya miaka ya 2000, shirika la hifadhi la WWF lilianzisha mpango uliopewa jina la RUMAKI, yaani Rufiji, Mafia na Kilwa. Haukujenga uwanja wala gati. Uliziweka wilaya tatu katika mpango mmoja wa kulinda bahari, ukasaidia kuunda vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali vijijini, na ukahimiza vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA.

Mantiki yake ilikuwa rahisi: samaki hajui mpaka wa wilaya, na mvuvi hajui pia. Wavuvi wa dago hutoka Kilwa, Unguja na kwingineko, wakapiga kambi visiwani msimu mzima, kisha wakaondoka. Kijiji kikizuia kokoro peke yake, juya la jirani litavuna kilichohifadhiwa. Hata Hifadhi ya Bahari yenyewe iliwahi kuvutana na wavuvi wa Jibondo, walioona wanazuiwa kuvua huku hoteli zikishamiri. Ulinzi wa bahari usiokuwa na makubaliano na mvuvi huishia kuwa kazi ya doria, na doria inahitaji mafuta ya boti kila siku.

Udhaifu wa RUMAKI ulikuwa ule ule wa MCC, kwamba fedha zilitoka nje. Machi 2016, bodi ya MCC ilisitisha ubia na Tanzania na msaada wa dola milioni 472 uliokuwa ukitarajiwa, ikitaja uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID. Mvuvi wa Jibondo hakuhusika na lolote kati ya hayo.

Kilichobaki ni majirani wenyewe, na chombo cha kuwakutanisha kipo. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zinaziruhusu halmashauri kuunda kamati za pamoja. Mafia, Kibiti na Rufiji zinakaa katika Kamati moja ya Ushauri ya Mkoa wa Pwani. Kilwa, iliyo Mkoa wa Lindi, ingepaswa kualikwa. Ajenda haihitaji mtaalamu mwelekezi wa kuiandika: matengenezo ya barabara ya Bungu hadi Nyamisati na nani achangie, leseni moja ya mvuvi wa dago na mgawo wa mapato yake, mtambo wa barafu ujengwe upande upi wa mkondo, na ombi moja la waya wa umeme lenye saini za wenyeviti wa halmashauri zote badala ya mmoja.

Mwenyekiti wa halmashauri ya Mafia akienda Dodoma na ombi hilo peke yake, atajibiwa kuwa wateja wake ni wachache. Akienda na wenzake, hesabu ya wateja itakuwa nyingine.