Kijana Anapouliza

Mwaka 1633 mahakama ya Kanisa ilimhukumu Galileo Galilei kwa kushikilia kwamba dunia hulizunguka jua. Mzee wa miaka 69 alipigishwa magoti aikane hoja yake, akabaki kizuizini nyumbani kwake hadi alipofariki mwaka 1642. Papa Yohane Paulo II alikiri hadharani kosa la wanateolojia wa wakati ule tarehe 31 Oktoba 1992. Miaka 359! Kwetu sisi hilo ni suala la haki, maana mtu alinyamazishwa badala ya kujibiwa.

Tunalikumbusha kwa kuwa hata katika jumuiya zetu ndogondogo kijana akiuliza juu ya umri wa dunia, katekista (na padre pia, tukiri) humwambia kwamba amepotoka. Kijana wa namna hiyo hatumwoni tena kanisani. Laiti angalisimuliwa habari za Georges Lemaître, padre wa Ubelgiji, aliyeonyesha kwa hesabu mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, wala hakutaka hesabu hizo zigeuzwe kuwa uthibitisho wa Uumbaji. Viongozi wa walei, waalikeni walimu wa fizikia na biolojia mikutanoni, nanyi muwasikilize kwanza.