Anayerudia Hesabu Aanzie Darasa la Sita

Wasomaji wa Kasese na Bwera, leo maneno yangu ni kwa watu ambao hawasemwi sana: wale walioacha shule, wakakaa miaka mitano au kumi wakiendesha bodaboda, wakipima kahawa, wakivusha mizigo pale mpakani Mpondwe, na sasa wanataka kurudia mtihani ili waingie chuoni. Ukiwauliza kinachowatisha, hawatataja Kiingereza wala baiolojia. Watataja hesabu.

Kwanza wapewe heshima yao, maana si wote walioacha kwa uvivu. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2022. Katika muda huo wasichana walizaa, wavulana wakaonja fedha za mkononi, na walio wengi hawakuitwa tena na mtu. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020, ukazikumba nyumba za Kilembe na mjini Kasese, karo za watoto zikageuka mabati na saruji. Na Bwera haijasahau usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wanafunzi walipouawa katika shule ya Lhubiriha. Mtu anayemcheka mama wa miaka ishirini na saba aliyebeba daftari hajui nchi anayoishi.

Hata hivyo huruma haifaulishi mtihani. Anayetaka uuguzi, kama wanavyofundishwa pale Kagando, ataulizwa matokeo yake ya kidato cha nne katika hesabu, pamoja na Kiingereza na sayansi. Aliyetimiza miaka 25 anaweza kupitia mlango wa watu wazima wa vyuo vikuu, Makerere kikiwamo, lakini huko nako kuna karatasi ya kupima akili, na hesabu haikosi kujitokeza. Wanaodhani mlango huo umewekwa ili watu waikwepe hesabu wamedanganywa.

Basi mtu huyu afanyeje? Nimeona wengi wakianza mwisho. Wananunua kalkuleta mpya, wanakusanya karatasi za mitihani iliyopita, wanamlipa mwalimu wa likizo, kisha wanafungua swali la matriki na kulikodolea macho. Wiki ya tatu wanasema, "Mimi sikuzaliwa na hesabu." Si kweli. Kinachowaangusha hakimo katika matriki. Kimo katika mambo ya darasa la sita na la saba, ambayo hawakuyashika vizuri tangu mwanzo, au waliyashika na yamepotea.

Chukua sehemu. Mpe mtu aliyekaa nje miaka minane ajumlishe theluthi mbili na robo. Wengi watajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, wapate tatu ya saba. Hebu tazama jibu hilo: tatu ya saba haifiki hata nusu, na theluthi mbili peke yake imepita nusu. Umeongeza kitu, kikapungua! Jibu ni kumi na moja ya kumi na mbili. Anayeiona kasoro hiyo mwenyewe, kabla ya kusahihishwa, ameanza kurudi. Asiyeiona, hata umfundishe milinganyo mwezi mzima, ataharibikiwa katika mstari wa pili.

Chukua pia alama ya kutoa mbele ya mabano. Tatu, toa mabano ya x toa tano: jibu ni nane toa x. Ni wangapi wataandika hasi mbili toa x? Kosa moja dogo namna hiyo, na swali zima la aljebra limekwenda na maji.

Hapa ndugu zangu wafanyabiashara hunikatiza. Husema, sisi tunabadilisha shilingi, faranga za Kongo na dola kichwani, mnunuzi akiwa amesimama mbele yetu. Nani atatufundisha hesabu? Nawakubalia nusu. Kichwa chenu kina kasi kuliko cha mwanafunzi wa bwenini, na hiyo ni akiba kubwa. Lakini soko lina desturi zake na mtihani una zake. Ukinunua gunia la maharage kwa shilingi 80,000 ukaliuza kwa 100,000, umepata faida asilimia ngapi? Sokoni utasikia ishirini, kwa kuwa macho yako kwenye fedha iliyoingia mkononi. Mtahini anataka ishirini na tano, kwa kuwa faida hupimwa juu ya bei ya kununulia. Tena sokoni hakuna anayekuuliza umefikaje. Katika karatasi, hatua zako ndizo zinazosomwa, na mtu mwenye jibu sahihi lisilo na njia huacha maksi mezani. Kwa hiyo mfanyabiashara asijifunze kuhesabu upya. Ajifunze kuandika anachohesabu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwenyewe ndiko kunakowashinda watu wazima. Baba mwenye watoto watatu ataona haya kuazima kitabu cha darasa la sita cha mwanawe. Akiazime! Akae naye meza moja, kila jioni saa moja, taa ikiwapo. Jedwali la kuzidisha, sehemu, desimali, asilimia, uwiano, namba hasi. Afanye swali bila kutazama jibu. Alilokosa alirudie baada ya siku chache, si dakika ile ile, maana dakika ile ile unakumbuka jibu, hukumbuki njia. Miezi mitatu ya kazi hiyo inazidi mwaka mzima wa kukariri kanuni. Kalkuleta ikae sandukuni kwa muda huo.

Baada ya hapo ndipo aguse karatasi za mitihani, na hapo pana tahadhari. Mtaala mpya wa sekondari ulianza mwaka 2020, na mtihani wake wa kwanza wa kidato cha nne ulifanyika 2024. Maswali sasa huja na kisa cha maisha: mkulima, duka, shamba la kupimwa. Alama hutolewa kwa herufi, A hadi E. Asilimia 20 hutokana na kazi zinazofanywa shuleni. Kwa hiyo zile karatasi za kaka yako za mwaka 2009, zenye maswali kumi ya lazima na matano ya kuchagua, zinafaa kwa mazoezi ya mkono tu. Usizitegemee kukuonyesha sura ya mtihani. Nenda kwa mkuu wa shule yenye kituo cha mtihani, mapema mwakani, umuulize mtu wa namna yako anaandikishwaje na zile asilimia 20 atazipataje. Wengi hungoja mpaka Agosti, wakati milango ya kujiandikisha imekwisha fungwa.

Juu ya wale wanaopita kila Oktoba wakinong'ona kwamba wana karatasi iliyovuja, sitapoteza wino. Wanauza uongo kwa watu waliochoka, na sheria ina jela kwa muuzaji na mnunuzi.

Neno langu la mwisho ni kwa wakuu wa shule kati ya Kasese na Mpondwe. Madarasa yenu hukaa matupu kuanzia saa kumi na moja jioni. Fungueni moja, siku mbili kwa wiki, wekeni mwalimu mmoja wa msingi anayeweza kueleza sehemu bila kumdharau mtu, na tangazeni makanisani, misikitini na kwenye vituo vya bodaboda kwamba watu wazima wanakaribishwa.