Minyoo Gani?

Nifundishapo ngeli za Kiswahili, aghalabu huanza na neno kifaru. Mwanafunzi asiyeizoea lugha huiona ki- ile, akalitia neno katika kundi la kiti na kitabu. Kisha husikia “kifaru anakimbia”, akang'amua kwamba ameghurika. Umbo la nje limemdanganya. Upatanisho wa kisarufi ndio umemfichulia ukweli.

Nililikumbuka somo hilo majuzi kando ya kidimbwi kimoja huko Saboti, mfugaji aliponionyesha ngege wake wakitweta juu ya maji. “Ni minyoo, mwalimu,” akaniambia, na uchunguzi ukakomea hapo.

Lakini ni minyoo gani? Neno letu hili hukusanya viumbe wengi wasiohusiana. Hata miongoni mwa minyoo bapa pekee, yapo makundi mawili ambayo yampasa mfugaji kuyatenganisha. Monojenea hujishikiza kwa kulabu kwenye ngozi au matamvua, yaani mashavu ya kupumulia, na huambukizwa moja kwa moja kutoka samaki hadi samaki. Daijenea hupitia kwanza kwa konokono. Wengi huingia kwa samaki, kisha hukomaa ndani ya ndege mla samaki kama korongo. Basi yule wa kwanza huzuiwa kwa kupunguza msongamano na kuwatenga samaki wageni kabla ya kuwachanganya na wenyeji. Wa pili kwa kuwaondoa konokono na kuwafukuza ndege. Anayekosea kuainisha hupigana na adui asiyekuwapo.

Kazi yenyewe ni ya subira. Mtaalamu huyakata matamvua, akawatafuta kwa hadubini minyoo ambao wengi hawafiki milimita moja. Hupima kulabu na sehemu ngumu za viungo vya uzazi, akazilinganisha na za spishi zilizokwisha kuelezwa. Siku hizi huongeza uchunguzi wa DNA. Akimpata asiye na mwenzake, humchora, humweleza, huhifadhi kielelezo katika makumbusho, kisha humpa jina. Kanuni za kimataifa huruhusu jina litokane na lugha yoyote, mradi liandikwe kwa herufi za Kilatini.

Wala kazi hii si ya Wazungu peke yao. Mwaka wa 2012, Fidel Muterezi Bukinga wa kituo cha utafiti cha Uvira, Kongo, pamoja na wenzake, walitangaza spishi mpya za monojenea wa Ziwa Tanganyika. Mmoja, aliyetoka kwa samaki aitwaye kuhe, walimwita Cichlidogyrus nshomboi, kwa heshima ya Nshombo, mtafiti wa kituo hicho hicho.

Huenda msomaji akauliza, jina lina faida gani? Waama, watu wa Norway wanaijua. Monojenea aitwaye Gyrodactylus salaris alielezwa na Malmberg nchini Uswidi mwaka wa 1957. Katika miaka ya 1970 aliingia Norway pamoja na samaki wachanga waliosafirishwa, akawaangamiza samoni katika mito mingi, hata baadhi ya mito ikabidi kutiwa sumu. Kwa kuwa alikwisha kuwa na jina na maelezo, walimtambua na kufuata nyayo zake. Je, angekuwa “minyoo” tu?

Nasi twasafirisha samaki wachanga. Mwaka wa 2009 serikali yetu ilianzisha mpango wa kuchimba vidimbwi 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140 ya uchaguzi. Mto Nzoia nao hukusanya maji ya Trans Nzoia na Bungoma, ukayamwaga katika Ziwa Viktoria. Kinachotoroka kidimbwini kwetu chaweza kufika mbali.

Kwa hivyo nawasihi walimu wa sayansi wa Kitale na Bungoma: badala ya wanafunzi kukariri michoro ya vitabuni, wanunueni ngege mmoja sokoni, fungueni matamvua yake, wekeni chini ya hadubini, chora kila mtu akionacho. Nasi walimu wa lugha tuwape istilahi za kuelezea. Siku mfugaji atakapolalamika kuwa ni minyoo, na awepo kijana wa kijijini mwake wa kumwuliza: minyoo gani?