STESHENI MPYA: WANAOSIMAMA WATAHESABIWA NA NANI?

Ndugu wanachama,

Habari za kujengwa upya kwa Stesheni ya Nairobi tumezisikia sote. Desemba 2022 Rais Ruto aliuzindua mpango wa Mji wa Reli, katika ardhi ya ekari zaidi ya 400 pale stesheni na kando yake. Tumeambiwa habari za maduka, ofisi na majumba marefu. Mimi sipingi maendeleo. Lakini nina swali moja: katika hesabu hiyo yote, mtu anayesimama akingoja gari amehesabiwa wapi?

Tukumbuke tulikotoka. Reli ilifika hapa mwisho wa Mei 1899, maili 327 kutoka Mombasa. Hapakuwa na mji. Palikuwa na uwanda na maji baridi, na ndiyo maana ya jina la Nairobi kwa lugha ya Wamasai. Wenye reli walipachagua ili wapange vifaa na kutengeneza injini kabla ya kupanda Kikuyu na kuteremka Bonde la Ufa. Kwa hiyo stesheni ndiyo iliyouzaa mji, si mji uliozaa stesheni. Na gharama yake haikuwa fedha tu. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Uhindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa katika kazi hiyo, mbali na Waafrika waliochimba na kubeba pamoja nao.

Wakati wa ukoloni stesheni ilijua sana kuhesabu watu, lakini ilihesabu kwa rangi. Daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, na la tatu, lenye watu wengi na raha kidogo, lilikuwa letu. Mambo ya rangi yaliondoka na bendera ya Mwingereza. Lakini desturi ya kumfikiria kwanza mwenye fedha haikupanda meli kwenda naye.

Tazameni njia ya magharibi. Gari la asubuhi kutoka Kikuyu hupita Dagoretti na Kibera likiingia mjini. Ndani yake wamo wapishi, askari wa zamu, mafundi, mama wauza mboga na watoto wa shule. Wengine wa Kibera hawana hata nauli. Huifuata reli kwa miguu mpaka viwandani. Ni kweli kwamba 2020 tulipata magari ya dizeli yaliyotoka Hispania, na Desemba 2021 gari la abiria la Kisumu lilirudi. Hayo ni mema, na mikono yetu imo ndani yake. Lakini gari jipya halimkingi mtu mvua kabla halijafika.

Nitawasimulia jambo moja. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya usiku katika stesheni moja ndogo, ambayo jina lake naliacha. Mvua ilinyesha, gari likachelewa kwa saa mbili. Mama mmoja alikuwa nje na mtoto mgonjwa mgongoni, akienda hospitali. Paa halikuwapo, benchi halikuwapo. Chumba kikavu kilikuwa kimoja tu, cha tiketi, na amri ilisema abiria asiingie. Nilimfungulia mlango. Kesho yake niliandikishwa barua ya kujieleza. Niliandika hivi: "Mtoto alikuwa akilowa." Sikuwa na neno jingine, na hata leo sina.

Ndugu zangu, mfanyakazi asiwekwe tena mahali pa kuchagua kati ya amri na utu wake. Paa la shilingi chache lingalimaliza shauri lile kabla halijaanza.

Basi tudai mambo haya yaandikwe katika ramani, wala yasiachwe kuwa ahadi. Kwanza, paa lienee urefu wote wa gari, Nairobi na katika vituo vidogo pia. Pili, vyoo na maji ya bomba vifunguliwe kuanzia gari la kwanza hadi la mwisho, bila kulipia. Tatu, pawe na njia ambayo kilema na mama mwenye mzigo wanaweza kuipita pasipo ngazi. Nne, watu wa zamu ya usiku wapate chumba cha kupumzikia chenye vitanda na mahali pa kupikia chai. Tano, wajumbe wa wafanyakazi wakae mezani pamoja na wachora ramani.

Wako watakaosema choo na benchi havileti faida. Nawajibu: maduka yenu yatauza kwa nani? Mteja ni yule yule anayeshuka kutoka Kikuyu. Asipopata pa kukaa ataingia matatu, na kodi ya duka lenu itakwenda naye.

Nilisoma shule ya misheni, madarasa machache tu. Lakini tulifundishwa kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu. Wakubwa wamekwisha kuhesabu ekari. Kuhesabu watu kumebaki kwetu sisi tunaowaona kila siku. Kila mwanachama na aandike upungufu wa kituo chake: paa, maji, choo, taa. Alete karatasi yake katika mkutano wa tawi, ili katibu wetu asiende mezani mikono mitupu.

Asiyesema na mwewe hulea kuku wa mwewe.

Mimi ndugu yenu,
Mfanyakazi wa Reli, Nairobi