Mkopo Usipotosha, Ada Itatoka Wapi?



Ndugu wasomaji, kila ifikapo Oktoba nyumba nyingi kuanzia Mikindani hadi Msimbati, na huko Kilambo ukingoni mwa Ruvuma, huingiwa na furaha iliyochanganyika na simanzi. Kijana amechaguliwa katika chuo alichokitamani tangu kidato cha kwanza. Kisha Bodi ya Mikopo inatoa majibu, na kilichopangwa hakitoshi.

Tuseme ada ni shilingi 1,500,000 kwa mwaka, naye amepangiwa asilimia 60 ya ada hiyo. Zimebaki shilingi 600,000, mbali na nauli na godoro. Kwa familia inayoishi kwa korosho au kwa nyavu, hizo si fedha ndogo. Tena kwetu kusini shida si kiasi tu, bali na wakati: vyuo hufunguliwa pale minada ya korosho inapokuwa ndiyo kwanza inaanza, malipo hayajafika. Hapo ndipo mzazi huangukia kangomba, akauza korosho kwa bei ya kutupa kabla hata hazijadondoka. Mwingine hukimbilia wakopeshaji wa mtaani, akaiingiza nyumba katika riba ambayo Mola wetu ameiharamisha. Alipaye ada ya mwaka wa kwanza kwa njia hizo, mara nyingi ameshaipoteza ya mwaka wa pili.

Tufanye nini basi? Kwanza, tushughulikie nyaraka mapema. Bodi hupanga mkopo kwa kupima uhitaji. Yatima asiyeambatisha cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, au mtoto wa kaya inayosaidiwa na TASAF asiyelionesha hilo, huhesabiwa kama mwenye uwezo. Na baada ya majina kutoka, hufunguliwa dirisha la rufaa. Wengi hulipita kwa kukata tamaa.

Pili, tuulize chuo kuhusu kulipa kwa awamu. Shilingi 600,000 zikigawanywa kwa mihula miwili, huwa 300,000 za sasa na 300,000 za baadaye, korosho zikiwa zimekwisha kulipwa. Hapo kangomba hana nafasi.

Tatu, wapo wazazi wanaowazuia watoto wao kuomba mkopo wa Bodi kwa kuchelea riba. Hofu hiyo ina asili yake, kwani kwa miaka kadhaa deni liliongezewa asilimia 6 kwa mwaka kwa jina la kutunza thamani ya fedha. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021. Aliyebaki na shaka na awaendee masheikh akiwa na masharti ya mkataba mkononi, asihukumu kwa habari za zamani.

Nne, akiba haiozi. Tangu mwaka 2022 ada ya kidato cha 5 na cha 6 katika shule za serikali imefutwa. Fedha hiyo ina miaka miwili ya kuwekwa kabla ya chuo. Hatusemi ngoma na sherehe za msimu ziachwe. Twasema ada itengwe kwanza, kisha sherehe ipimwe kwa kilichobaki.

Tano, jamii isimwachie mzazi peke yake. Wanafunzi wa Al-Azhar walilishwa kwa wakfu karne na karne. Sisi tuna mikorosho, mti unaozaa miaka mingi baada ya aliyeupanda kufariki. Msikiti ukiwekewa wakfu wa mikorosho michache, mavuno yake yakaandikwa wazi kuwa ni ya ada za wanafunzi, hiyo ni sadaka isiyokatika. Na katika makundi 8 ya wastahiki wa zaka, mafakiri na masikini ndio waliotangulizwa. Mwanafunzi mhitaji yumo.

Na hesabu zikikataa kabisa, tumwambie kijana ukweli mapema. Kwenda chuo cha gharama nafuu, au kusubiri mwaka mmoja, si fedheha. Fedheha ni kuanza kwa deni la riba na kurudi nyumbani bila cheti.

Allah awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, na atukinge na madeni yanayodhalilisha. Amin.