Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu

Leo tuna neno na wakosoaji wetu wa shughulini.

Hawajakaa vizuri kwenye jamvi, washaanza: bi harusi kapauka, hina imepakwa ovyo, biriani kavu, gauni linambana. Ukiwauliza, wanasema wanatoa nasaha. Haya, na wewe mwambie mmoja wao kwamba mtandio wake unaonyesha nywele, au kwamba maneno yake yamemliza bi harusi. Atanuna, atasema una husda, na salamu hakupi mwezi mzima.

Sisi tunasema hiyo si nasaha. Nasaha ina adabu zake: unamwita mwenzio faragha, unamwambia kwa upole, na wewe unakuwa tayari kuambiwa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba muumini ni kioo cha mwenziwe. Vipi basi utake kuwa kioo cha watu, chako ukivunje? Aya ya 44 ya Suratul Baqara inawakemea wanaoamrisha wema wakajisahau wenyewe.

Bi harusi wetu, ukikosolewa mbele za watu usijibizane. Lipime neno. La kweli lichukue, hata kama limetoka kwa mdomo mkali. La kuumiza tu liache hapo hapo jamvini. Na ukimwambia mtu lake, faragha na kwa adabu, akanuna, usimwombe radhi kwa ukweli. Salamu mpe, ni haki yake. Ila asiyetaka kuambiwa asijifanye mwalimu wa wenziwe.